Kalamu Iko Mkononi mwa Nani?

Barua za mwezi huu zimefuatana kana kwamba walioziandika walikaa wakakubaliana. Watatu wameandika wakiwa upande wa meza wa anayeuliza maswali, mmoja akiwa upande wa anayeulizwa, na wote wanne wanazungumzia rangi, asili na utamaduni ndani ya chumba cha ushauri. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii na ushauri nasaha kwa miaka 28. Sijui jambo jingine katika kazi hii lililonikosesha usingizi kama hili, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana kwenye barua ya kwanza.

Shikamoo Mama. Mimi ni mshauri nasaha, nina miaka miwili kazini. Kituo chetu kinapokea watu wa rangi na asili nyingi. Tulipewa mafunzo ya siku mbili kuhusu tamaduni mbalimbali, na kijitabu chenye ukurasa mmoja kwa kila jamii: wanavyosalimiana, wanavyoomboleza, nani husemea familia. Mwezi uliopita nilimpokea mteja ambaye rangi yake si yangu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa wa jamii yake usiku uliotangulia. Dakika ya kumi hivi akanikatiza: "Hayo unayosema ni ya watu uliowasoma. Mimi bado sijakueleza kitu." Hakurudi tena. Nilikosea wapi, na mimi nilijiandaa?

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukwambia kwamba kujiandaa si kosa. Wapo wanaoingia kikaoni bila hata kujua jina la mteja linatamkwaje. Wewe ulikesha na kijitabu kwa sababu ulimjali mtu ambaye hujakutana naye. Kosa lilikuja baadaye, pale ulipokaa mbele yake ukawa bado unasoma.

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walichapisha makala kuhusu jinsi madaktari wanavyofundishwa kuhudumia watu wa tamaduni tofauti. Hao ndio waliotupa msemo wa unyenyekevu wa kitamaduni, yaani kukubali kwamba humjui mtu mpaka umemsikiliza, ambao baadaye uliingia kwenye ushauri nasaha na ustawi wa jamii. Chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa Marekani kiliutia kwenye kanuni zake za maadili mwaka 2021. Ndani ya makala ile kuna kisa ambacho huwasimulia vijana wote ninaowasimamia. Muuguzi, Mmarekani mweusi, anamhudumia mama wa makamo mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, saa chache baada ya upasuaji. Mama anaugua kwa sauti. Daktari wa asili ileile ya mgonjwa anapita, anamwambia muuguzi kwamba huyu mama anaonekana ana maumivu makali. Muuguzi anamkatalia. Alisoma somo la tamaduni chuoni, na anajua kwamba watu wa asili hiyo huonyesha maumivu kuliko wanavyoyasikia.

Ona watu walivyosimama pale kitandani. Mwenye maumivu anaugua. Mtu wa jamii yake amesimama karibu, tena daktari, anamsemea. Lakini jibu limeshatolewa darasani, miaka mingi nyuma, na mtu asiyemjua mgonjwa. Tena muuguzi mwenyewe ni mweusi, anatoka katika watu wanaojua fika maana ya kutoaminiwa hospitalini. Kubaguliwa hakumkingi mtu asije akamfanyia mwenziwe vilevile. Ningependa maneno hayo uyashike kuliko yote mengine ya barua hii.

Waandishi wale hawakusema elimu ya tamaduni haina kazi. Walichokataa ni ile dhana kwamba kuna siku utahitimu. Wakataka mambo matatu: kujichunguza maisha yako yote, kusawazisha nguvu kati ya mtoa huduma na mhudumiwa, na kushirikiana na jamii zenyewe kwa usawa. Wengi hulichangamkia la kwanza, maana kujichunguza unaweza kukufanya peke yako, hakuna anayekuona. La pili ndilo gumu. Acha nikupe langu.

Miaka mingi iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilipewa faili la mama ambaye watoto wake wawili walikuwa chini ya uangalizi. Hakuwa wa rangi yangu. Alikuja na kaka yake. Kila nilipouliza swali, mama alimtazama kaka, kaka akajibu. Niliporudi mezani kwangu niliandika: "Mama anatawaliwa na ndugu wa kiume, kama ilivyo desturi yao. Hawezi kujisemea." Sentensi ilitoka laini kabisa. Nilijiona nimeelewa utamaduni.

Baada ya wiki tano mama aliomba kuliona faili lake, na alikuwa na haki hiyo. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Kidole kikafika kwenye sentensi ile, kikasimama. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Mara ya mwisho nilipokaa peke yangu mbele ya mtu mwenye kalamu, nilitoka bila wanangu. Ndiyo maana nilikuja na shahidi."

Desturi haikuwamo hata kidogo. Nililoliona lilikuwa hofu, na hofu yenyewe ilitokana na ofisi kama yangu. Kama ningemwuliza swali moja tu, "Ungependa tuzungumze namna gani, na nani awepo?", ningeyajua hayo siku ya kwanza. Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua.

Sikuifuta ile sentensi, maana faili halifutwi. Niliandika chini yake, kwa tarehe ya siku hiyo, kwamba nilikosea, nikamwomba anipe maneno yake mwenyewe. Akasema, nikaandika. Tulipofika katikati akanizuia. Nilikuwa nimeandika "mama alilalamika kwamba". Akasema, "Sikulalamika. Nilisema." Nikakata, nikaandika "alisema". Tangu siku ile, kila nikiandika neno kuhusu mtu, nasikia kidole kile kikisimama.

Sasa turudi kwa mteja wako. Kama kituo kinaruhusu, mwandikie kwa ufupi. Usijieleze wala usimweleze ulivyosoma usiku kucha. Mwambie: "Ulisema kweli. Nilikuja na majibu kabla ya kukusikiliza. Ukipenda kurudi, nitaanza kwa kukusikiliza. Ukitaka mshauri mwingine, nitakusaidia kumpata." Asiporudi, hilo nalo ni jibu lake, nawe huna budi kuliheshimu. Lakini usije ukatoka hapo ukawageuza wateja wako kuwa walimu wa historia ya watu wao. Historia ya jamii, walivyonyang'anywa, walivyohamishwa, walivyotibiwa vibaya, ni kazi yako kuisoma, kwa muda wako. Maisha ya huyu mmoja ndiyo unayomwuliza yeye.

Mama, mimi si mtaalamu, mimi ni mteja. Nimekuwa nikienda kwa mshauri kwa miezi minne. Yeye ni mweupe, mimi ni mweusi. Nilipomweleza jinsi ninavyodharauliwa kazini, akaniambia kwa upole, "Mimi sioni rangi, naona mtu." Tangu hapo nikifika kwenye habari hizo nazikwepa. Je, mimi ndiye mwenye tatizo? Nibadilishe mshauri?

Pole sana, dada yangu. Naamini alitaka kukwambia kwamba hakudharau. Lakini jeraha lako liko palepale kwenye rangi. Akisema haioni rangi, basi na jeraha halioni, na wewe umebaki ukilificha ili usimsumbue. Unalipia kikao kisha unakaa ukimlinda mshauri.

Wala usijione mgonjwa kwa kuwa na tahadhari. Fani zetu zina historia nzito. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ana ugonjwa wa akili, akaupa jina la kitaalamu: drapetomania. Kutaka uhuru kukawa ni maradhi. Miaka mia moja baadaye, J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari huko Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akifananisha akili ya Mwafrika mzima wa afya na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata aliandika ripoti kwa ajili ya serikali ya kikoloni kuhusu Mau Mau, na watu wanaodai ardhi yao wakaelezwa kama watu waliochanganyikiwa. Oktoba 2021 chama kikuu cha wanasaikolojia wa Marekani kiliomba radhi hadharani kwa mchango wake katika kuendeleza ubaguzi wa rangi. Anayeingia chumba cha ushauri akiwa macho ana sababu zake, hata kama hajawahi kusikia jina hata moja kati ya haya.

Kuhusu kubadilisha, mimi ningempa nafasi moja, iliyo wazi. Ianze mwanzoni mwa kikao, kabla hamjazama kwingine: "Uliposema huoni rangi, niliacha kukueleza mambo ya kazini. Nahitaji kuweza kuyasema hapa." Kisha nyamaza, mtazame. Kama atauliza, "Yapi uliyoacha kuniambia?", huyo anafaa kubaki naye. Akianza kujitetea, akikuhesabia marafiki zake weusi, au akiuliza kama una uhakika yule bosi hakuwa tu na siku mbaya, omba mwingine, na usione haya. Huna deni la kumsomesha.

Na kwa washauri wanaosoma hapa: mzigo wa kuanzisha mazungumzo haya si wa mteja. Norma Day-Vines na wenzake waliandika mwaka 2007 kwamba mshauri ndiye anayepaswa kuufungua mlango wa rangi na asili, na kuendelea kuufungua kila inapohitajika. Haina haja ya hotuba. Mimi husema, "Mimi na wewe hatutoki sehemu moja, na rangi zetu si moja. Kuna jambo lolote hapo ambalo ungependa nilijue, sasa au siku nyingine?" Wengi husema hapana. Baada ya vikao vitatu wanarudi kwenye swali lile wenyewe.

Ndugu yetu afisa wa ustawi wa jamii anaandika: mimi ni mweusi peke yangu katika timu ya watu kumi na mmoja. Kila mteja mweusi akija, msimamizi ananipa mimi: "Mchukue, ni mwenzako." Wengine hatushirikiani lugha, dini wala nchi. Mzigo umenielemea, na nikilalamika naonekana sitaki kusaidia watu wangu.

Kaka, umechoka na una haki ya kuchoka. Wanachokifanya wanakiona heshima kwa wateja, lakini hesabu yake ni hii: wenzako kumi wamesamehewa kujifunza, wewe umebebeshwa kujua yote.

Nikupe kisa cha Frantz Fanon, aliyezaliwa mwaka 1925 Martinique, kisiwa kilichokuwa koloni la Ufaransa, mtu mweusi aliyeuonja ukoloni mwenyewe. Mwishoni mwa 1953 alianza kazi kama daktari katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida, Algeria. Alikuja na mbinu alizojifunza Ufaransa: wagonjwa wafanye sherehe pamoja, wawe na gazeti lao, mikutano, maigizo. Kwenye wodi ya wanawake wa Kizungu mambo yakaenda vizuri. Kwenye wodi ya wanaume Waislamu yakagoma kabisa. Wanaume walikaa kimya, wakachoka, wakaondoka. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabyle, lugha za wagonjwa wale, alizungumza nao kupitia wakalimani.

Kama kuna mtu angeweza kusema "hawa ni wenzangu, nawaelewa", ni yeye. Lakini yeye na msaidizi wake Jacques Azoulay waliandika mwaka 1954 kwamba kosa lilikuwa lao: walichukua desturi za Ufaransa wakawavisha watu wenye maisha mengine. Ikabidi waanze kujifunza watu wale wanaishije. Baadaye wodini kukafunguliwa mkahawa wa mtindo wa wenyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaletwa msimulizi wa hadithi. Wanaume wakaanza kushiriki.

Mpelekee msimamizi wako kisa hicho, lakini zaidi ya kisa mpelekee orodha. Andika wateja wote uliopewa katika miezi sita, ni wangapi kati yao walioomba wenyewe mtu mweusi, na ni wangapi waliopangiwa wewe kwa kutazamwa sura tu. Walioomba wapokee kwa mikono miwili. Wapo watu ambao baada ya yote yaliyowapata hawawezi kuanza kuzungumza mpaka wamwone mtu wa rangi yao, na ombi hilo ni la kuheshimiwa. Wale wengine wagawanywe kama wateja wote, na wenzako wakikwama waje mezani pako kwa muda uliopangwa, uliohesabiwa kuwa kazi. Kazi unayoifanya sasa ya kuwaelekeza wenzako kwenye korido haionekani popote kwenye taarifa ya mwezi.

Akikataa? Utakuwa umempa maandishi, naye atalazimika kujibu kwa maandishi. Hapo na wewe utakuwa umeshika kalamu.

La mwisho ni fupi: mteja wangu hatumii neno sonona. Anasema "mawazo yamenijaa, moyo mzito". Fomu inataka jina la ugonjwa. Niandike nini?

Andika vyote viwili, ila maneno yake yaje kwanza, na uyafungie alama za kunukuu ili anayefuata ajue ni ya nani.

Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alipoanzisha huduma Harare mwaka 2006, akiwafundisha bibi wa mitaani kusikiliza wenye msongo, kiti cha kukalia kiliitwa benchi la afya ya akili. Watu hawakuja kukaa. Bibi wale ndio waliomwambia jina libadilishwe. Likawa benchi la kupeana mashauri, na badala ya jina la kitabibu wakatumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo" ya mteja wako. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wa kulinganisha yalichapishwa katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani, na waliokaa na bibi walionekana kupata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi walijua kitu ambacho daktari hakukijua, naye akakubali kuambiwa.

Hata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, una mahojiano ya maswali 16 ya kumwuliza mgonjwa mambo kwa mtazamo wake: tatizo hili unaliitaje, unadhani limetokana na nini, nani amekusaidia mpaka sasa. Tumia hayo kabla ya fomu. Mwulize mawazo hayo huja saa ngapi, moyo ukiwa mzito anashindwa kufanya nini, na kama yanafika mahali anatamani kufa. Hilo la mwisho uliza kwa maneno ya wazi, usizunguke, na akisema ndiyo, usimwache atoke peke yake kabla hamjapanga cha kufanya. Kama lugha hamsikilizani, tafuta mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wake kamwe. Niliwahi kumwona mama akizungumza dakika nzima, machozi yakimtoka, kisha mwanawe wa miaka kumi akanigeukia akasema, "Anasema yuko sawa."

Ukishapata picha, jina la kitaalamu liandike chini ya maneno yake. Kisha mgeuzie karatasi aisome. Kama hasomi, msomee wewe, polepole, na kila mstari usubiri kidogo, ili apate nafasi ya kusema, "Hapana, hapo sivyo nilivyosema."